Pindo Jipya, Sikukuu Imepita

Mfyuu! Hivi nani aliyewaambia watu wa mtaa huu kwamba pindo la kawaida ni ushamba? Nauliza tu, maana mimi na kahawa yangu hatuna ugomvi na mtu. Pindo lile la kukunja mara mbili, ukapiga bandi, ukapitisha kwenye cherehani, kazi ikaisha, ukaenda kupika. Ndilo lililozunguka vitambaa vya kufunikia sinia za futari za mama zetu, ndilo lililoshika foronya tulizolalia kabla hatujang'oa meno ya utoto. Leo litaje mbele ya hawa mafundi waliofundishwa na simu, uone utakavyoulizwa umeshuka na basi la saa ngapi.

Eti sasa kuna "umaliziaji". Mtu hajamaliza kudarizi hata ua la kwanza, lakini umaliziaji anao wa kila aina kichwani: wa lesi, wa shanga, wa mawimbi, wa kuchoma, wa kugundisha. Kauona wapi? Kwenye simu, kwingine wapi! Mikono miwili misafi juu ya meza, kichwa hakionekani, muziki unapiga, kitambaa kinakunjwa, kinageuzwa, paa, kimekwisha. Hakuna mtoto aliyekalia mkasi. Hakuna LUKU iliyokata katikati ya mshono. Hakuna jirani aliyebisha hodi kuomba sindano halafu akakaa mpaka magharibi. Hata uzi haukatiki. Jamani, uzi usiokatika mmeuonea wapi ninyi?

Na wala hawajaribu hayo mambo siku za kawaida, siku ambazo kitambaa kikiharibika unakifanya tambara la jikoni, dunia inaendelea. Thubutu! Wanangoja Shaabani ibaki inaning'inia kwenye kucha, au wanangoja ile wiki ambayo vitambaa vyote vya makochi viko kwenye kamba kwa ajili ya Krismasi, ndipo kinawashuka kipaji. Mwezi mzima mtu alikuwa anasuka nywele.

Nianze na huyu wa mshumaa. Dada wa watu kaona kwamba ukingo wa kitambaa ukiupitisha karibu na moto, nyuzi zinashikana, huhitaji kushona. Kweli kabisa, sibishi. Alijaribu kwenye utepe wa satini, ukatoka msafi, akatuonyesha kibarazani kwa madaha yote. Lakini satini ile ni poliesta, na poliesta ni jamaa ya plastiki, ikiona moto inayeyuka halafu inaganda. Pamba ikiona moto inaungua. Hili fundi yeyote analijua kabla hajajua kutunga uzi: anachomoa unyuzi mmoja, anauwasha kiberiti, ananusa. Ukinuka karatasi na ukaacha jivu laini, hiyo pamba. Ukinuka plastiki na ukaacha kishanga kigumu, hiyo poliesta. Bure kabisa, hata bando haihitaji.

Sasa dada yetu akatoka kwenye utepe akaenda kwenye kanga. Kanga, wajameni! Doti mpya, pamba tupu, ya kumpelekea mama mkwe sikukuu. Na mnajua kanga inavyouzwa: vipande viwili vimeungana, unakata katikati, halafu unapinda zile pande fupi zilizokatwa. Pande ndefu hazina shida, kiwanda kilishaziziba zamani, ukizivuta hazifumuki. Yeye hakujua hata upande wa kupinda ni upi. Akaanza na ule mrefu wa chini, unaopakana na jina. Moto ukapanda kwenye pindo, ukalipita, ukaingia mjini. Jina lilikuwa Mgeni Njoo Mwenyeji Apone. Walipomwagia maji likawa limebaki Mgeni Njoo. Mwenyeji kaungua.

Na kinachoniuma mimi ni kwamba kanga yenyewe imezaliwa na mshono. Wanaosimulia historia yake wanasema katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mkononi, zile za Wareno, zikiwa bado hazijakatwa, wanaunganisha tatu na tatu mpaka inapatikana nguo moja ya kujifunga. Leso sita! Kwa sindano na mkono. Wajukuu wao leo wameletewa kitambaa kizima kimechapwa kila kitu, pindo liko, mji uko, jina liko, kilichobaki ni vijimshono viwili vya pembeni, nao wanatafuta njia ya mkato. Loo salaale.

Huyu wa gundi simchukulii muda wenu. Kagundisha lesi kwenye foronya alizodarizi Lala Salama, kwa ile gundi ya moto inayotoka kwenye bastola. Gundi ikipoa inakuwa punje ngumu. Shemeji yetu akalala salama upande wa kushoto, akaamka na alama shavuni, kazini wakamuuliza kama nyumbani kuna amani. Foronya zilipofuliwa zikapigwa pasi, gundi ikakumbuka kwamba ilizaliwa kwa moto. Lesi ikahamia kwenye pasi. Basi.

Kuna kitu hapa kinanichekesha na kunikera kwa pamoja. Hawa watu wote wanapima kazi kwa picha. Kitambaa kinatandikwa, kinapigwa picha, kinasifiwa, mioyo inamiminwa, na hapo mtu anajihesabu kamaliza. Kitambaa cha mezani hakimalizwi na picha. Kinamalizwa na mchuzi. Ngoja mgeni amwage mchuzi wa nazi, ngoja kiingie kwenye beseni, kisuguliwe na msichana ambaye hakupewa maelezo, kianikwe jua la saa saba, halafu kipigwe pasi. Pindo likitoka humo bado limeshika, ndipo nitaitwa nami nisifu. Kabla ya hapo mnanisumbua.

Mzee mmoja tunayekaa naye, kofia yake ya vito ina umri wa kuolewa. Ile kofia ya kudariziwa kwa mkono, matundu madogomadogo ya kupitisha hewa, kila moja limezungushiwa uzi wake. Kofia moja nzuri inamla mtu miezi. Inadariziwa ikiwa vipande viwili, kiduara cha juu na ukanda wa mbavuni, na kuviunganisha hivyo viwili bila kuonekana vilipoungana ndiyo kazi yenyewe. Wanaume wa pwani nao wanadarizi kofia, msije mkadhani nawasema akina mama peke yao. Na kofia hiyo imefuliwa, ikatiwa wanga, ikavalishwa kitu cha duara ikauke na umbo lake, mara nyingi hata yeye hakumbuki. Muulize fundi wake alitumia njia gani mpya ya kumalizia. Atakuangalia akuhurumie.

Wanga! Ahaa, mmenikumbusha. Kuna yule aliyefuma vitambaa vya makochi, vizuri kwa haki, ua limesimama na majani yake. Akataka visimame zaidi, kingo ziwe na mawimbi magumu. Wakubwa wake wangechemsha uji mwepesi wa muhogo, wangechovya, wangevuta kingo, yakaisha. Yeye akaona simuni kwamba maji ya sukari yaliyochemshwa yanakausha kitambaa kikawa kigumu chenye mng'ao. Na ni kweli, njia ya zamani sana hiyo, kikikauka kinasimama chenyewe. Ila mwenye simu hakusema anaishi nchi gani na sisimizi wa kwake wana tabia gani. Mkesha wa sikukuu vitambaa vikatandikwa sebuleni. Alfajiri kochi linatembea. Ganda la muwa la jana chungu kaona kivuno. Huyu kawapa muwa mzima, tena umefumwa maua. Wageni wakapokelewa kwa viti vya plastiki uani, mwenye nyumba anasema eti ndani kuna joto.

Tukija kwa wenye meza za duara, hapo ndipo fundi wetu wa cherehani hapa mtaani hukunja miwani akaiweka chini. Mtu ana kitambaa cha duara, anataka kukizungushia ukanda wa kitenge ukingoni. Vizuri. Sasa ukanda wa kuzunguka duara haukatwi kwa kufuata nyuzi za kitambaa, unakatwa mshazari, kona kwa kona, kwa sababu kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika na kukubali kupinda. Kikikatwa kwa kunyooka kinakataa, ndiyo asili yake. Fundi anaeleza. Mteja anatoa macho: "Unikatie kitenge changu kona kwa kona, hicho kinachobaki nikifanyie nini?" Anakinyang'anya, anaenda kukata mwenyewe kwa kunyooka, anashona kwa mabavu. Kitambaa kikajikunja pembeni kote kama chapati iliyosahaulika kikaangoni. Akabandika vikombe juu ya kingo ili kitulie. Mpaka leo kwake huruhusiwi kunyanyua kikombe bila kutoa taarifa.

Lakini wote hao wana nafuu mbele ya bibie wa Heri ya Idi. Huyu alinunua nyuzi zenyewe za kudarizi, zile za DMC, kampuni ya Kifaransa iliyoanza mwaka 1746, uzi ambao ndani yake kuna nyuzi sita unazitenganisha upendavyo. Alizitenganisha mbilimbili kwa adabu. Mchoro akauhamisha kwa pasi: unachora kwenye karatasi kwa kalamu yake maalumu, unailaza juu ya kitambaa, unapiga pasi, wino unahamia. Tatizo la pasi ni kwamba inakabidhi kila kitu kinyumenyume, kwa hiyo maandishi lazima uyageuze kwanza kwenye karatasi. Hilo kwenye simu lilisemwa, ila lilisemwa mwishoni, na yeye mwishoni hafiki. Akadarizi kwa uaminifu kila herufi aliyoletewa. IDI AY IREH, na D imewapa watu mgongo. Kisha, na hapa ndipo niliposonya mpaka mjumbe wetu wa mtaa akageuka, akakizungushia lesi ya njia mpya pande zote nne, kona zimekutana sawasawa, safi, hujapata kuona! Umaliziaji wa kifalme kwenye neno lisilosomeka. Kikafunika sinia la futari kikaletwa barazani. Watu kimya. Mzee wetu wa kofia akainamisha kichwa, akakisoma polepole kutoka kulia kwenda kushoto, akatabasamu: "Mbona iko sawa? Mwenzenu kaandika Kiswahili kwa utaratibu wa Kiarabu."

Ah, huruma nyingine ni za hatari.

Nina bibi yangu, hana simu ya kuteleza, ambaye kabla hajadarizi chochote huanza na ukingo. Anapiga bandi kuzunguka kitambaa chote, ndipo anatafuta ua. Wanamcheka eti anaanza mwisho. Kumbe kitambaa kikishikwashikwa mwezi mzima kinafumuka pembeni. Mwingine akifika wakati wa pindo anakuta amebakiwa na kitambaa kidogo kuliko alichonunua, cha bibi kipo palepale. Halafu kitambaa na uzi anavifua kabla ya kudarizi, maana pamba hurudi, na uzi mwekundu ukiwa na nia ya kuvuja, afadhali uvujie kwenye beseni kuliko kwenye shuka jeupe la bibi harusi. Nilipomwambia kuhusu njia mpya za kumalizia, aliuliza swali moja: "Wao huwa wanamaliza?"

Sasa subirini, balaa lenyewe halijafika. Mnakumbuka mwaka 2000? Idi el-Fitri ilikuja mara mbili, Januari na tena Desemba, siku mbili tu baada ya Krismasi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo sikukuu inasogea nyuma, inasogea, mpaka inapata nafasi mbili ndani ya mwaka mmoja wa Kizungu. Mafundi cherehani wa wakati huo mpaka leo ukiutaja mwaka huo wanashika kiuno. Basi kwa hesabu ya kalenda, mwandamo ukiafiki, 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, na 2033 Idi mbili tena, ya pili inagusana na Krismasi. Mikono ileile, simu mpya zaidi, pindo la kuchoma, la gundi na la sukari vyote kwenye foleni moja kwa fundi mmoja, kila mmoja anasema chake ni kidogo tu, ni cha kumalizia. Yarabi tustiri.

Na akili zenyewe ndizo hizi za jirani yangu wa kulungu.

Huyu hakuridhika na kitambaa. Alitaka viraka vya tabaka tatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati sponji, chini bitana, halafu sindano inapita tabaka zote. Huko Marekani wanajifunika navyo wakati wa theluji, yeye alitaka kimoja kidogo cha kutundika ukutani Krismasi. Dar es Salaam. Desemba. Feni inazungusha joto, ukuta wenyewe unatoka jasho, mwenzetu anauvalisha blanketi. Na juu yake kadarizi chembe za theluji na yule kulungu wa pua nyekundu. Nimeulizia habari za huyo mnyama. Mwenyewe wala si wa kale: alibuniwa mwaka 1939 kwa ajili ya kijitabu cha watoto cha duka la Montgomery Ward la Chicago. Mnyama wa kuvutia wateja, naye kaja mpaka kwetu, bila koti.

Umaliziaji aliouchagua unaitwa njia ya foronya. Unalaza uso kwa uso, unashona kuzunguka, unaacha kitundu, unageuza kitu chote kupitia hapo, kinatokea kimefungwa kingo zake, huhitaji pindo. Njia nzuri, na rahisi kuliko zote nilizozitaja. Inataka jambo moja tu, kitundu. Jirani kwa kunogewa akashona pande zote nne, akazunguka mara ya pili kwa uimara. Akatoa mashineni, anatafuta kulungu, hamuoni. Anasikia tu sponji. Mnyama kafungiwa ndani, na Krismasi ni keshokutwa! Nyumba nzima ikaanza kupapasa. Mtoto mdogo akawa analia kumwonea huruma.

Wakapasua. Kwa haraka wakapasua upande wa mbele, mkasi ukapita na pembe. Krismasi ikapita kulungu yuko hospitali.

Mtu mwingine angekunja, akaweka sandukuni mpaka mwakani. Huyu akasema hapana, msimu mwingine upo. Akafumua mabaki ya pembe, akaweka masikio marefu, akatangaza huyo ni sungura wa Pasaka. Sungura wa Pasaka naye katoka simuni humohumo, msiniulize. Theluji akaigeuza mayai. Pindo likasubiri, kwa sababu kuna njia aliyoiona ya kusuka nyuzi tatu pembeni, wiki nzima ya Pasaka anasuka, Jumatatu ya Pasaka ikafika amefika kona ya pili. Tukamwambia mama, mpelekee fundi akupindie, ni kazi ya kunywa chai. Akasema fundi ana mambo ya kizamani.

Kufika Juni sungura ameongezwa shingo. Punda huyo, wa maonyesho ya Sabasaba, anasema wageni wa biashara watapenda. Sabasaba ikaja ikaondoka, kusuka akaacha, sasa anashonea vifundo vya rangirangi, kimoja kimoja. Punda kanenepeshwa mbavu, kaongezewa chuchu.

Juzi kapita kibarazani, kitambaa kiko kwapani, nyuzi zinaning'inia mpaka magotini, anatuuliza kwa dhati kabisa kama kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane wanaruhusu ng'ombe wa maziwa mwenye pua nyekundu.